Ovalei imegoma na kila upande unasema kwake iko sawa: dalili, vyanzo na maneno yanayotuchanganya

Wakuu habari za kazi. Hii naiandika kwa mafundi wa mitandao wa hapa Tanga na wenzetu wa Dar tunaoshirikiana nao, maana siku hizi si kampuni kubwa tu, hata ofisi ya kawaida unakuta ina seva mbili mjini karibu na bandari, nyingine Pongwe, nyingine imekodiwa Dar, na bosi anataka mashine pepe zote zionane kama ziko kwenye swichi moja, basi tunatandika ovalei, yaani mtandao pepe unaopita juu ya mtandao mwingine, kwa VXLAN au Geneve (mbinu za kufunga paketi ndani ya paketi) juu ya fiba ya mtoa huduma na kazi inaendelea. Siku ikigoma ndo shughuli. Laini nzima, seva nzima, setingi ukizitazama za upande mmoja hazina kasoro, ila fundi wa huku akitaja neno anamaanisha kitu kimoja na wa kule anamaanisha kingine, na wote wawili wako sahihi kwa dokumenti waliyosoma. Tatizo dogo linakula siku nzima kwa sababu hiyo tu, na wanaoumia ni watu waliokaa dirishani wanasubiri mfumo urudi.

Kwaiyo humu napita kwenye dalili kama zinavyokuja kwenye simu, na kila dalili ntasema cha kucheki na pia neno gani huwa limechanganywa.

Maneno kwanza, haraka haraka

Waliokaa kuzipanga hizi istilahi ni IETF, wanaoandika viwango vya intaneti (dokumenti zao zinaitwa RFC), kikundi chao cha NVO3 kinachoshughulika na ovalei. Dokumenti ya kushika ni RFC 7365 ya Oktoba 2014, ndo yenye maana za maneno, alafu RFC 8014 ya Desemba 2016 inaeleza usanifu wenyewe. Andalei ni mtandao wa chini, ile fiba na ruta zinazobeba paketi bila kujua ndani kuna nini. Mtandao pepe, VN, ni ule anaouona mpangaji. Mpangaji ni mwenye matumizi, si mashine, mashine yake iwe pepe au ya chuma, iwe hosti au ruta au faiawoli, hiyo inaitwa mfumo wa mpangaji. NVE ndo kitu kilichokaa ukingoni, upande mmoja inapokea fremu (paketi za Etheneti) za mpangaji na upande wa pili inazivika heda, yaani maelezo ya mbele yanayosema mzigo unaenda wapi, na kuzituma kwa NVE nyenzake, na ile inayopokea inaivua heda na kumkabidhi mwenyewe. VAP ni mlango wa NVE unaopokelea mashine za mpangaji, unaweza kuwa poti ya chuma au poti ya kufikirika kama namba ya VLAN (mtandao uliogawanywa ndani ya swichi). VN Context ni ile fildi kwenye heda inayoiambia NVE inayopokea kwamba mzigo huu ni wa mtandao pepe upi. Na NVA ni yule anayeziambia NVE nani yuko wapi, kazini tunamwita kontrola.

VTEP je? Hilo ni neno la VXLAN yenyewe, RFC 7348 ya Agosti 2014, maana yake mwisho wa taneli ya VXLAN. VTEP ni aina mojawapo ya NVE, ila NVE si lazima iwe VTEP, ukiwa unatumia Geneve au NVGRE (mbinu nyingine ya aina hiyo) una NVE lakini VTEP kwa maana ya RFC 7348 huna. Watu wa NSX ya VMware wao wanasema TEP. Hapa hamna ugomvi mkubwa, tukielewana kwamba tunaongelea kile kifaa cha ukingoni inatosha. Ugomvi mkubwa uko kwenye VNI, nakuja huko sasa ivi.

Dalili: andalei inajibu pingi fresh, taneli "iko juu", lakini mashine hazionani hata kidogo

Kwanza kabisa tuache kusema taneli iko juu. VXLAN inasafiri ndani ya UDP na haina mazungumzo yoyote ya kufungua kikao, ukiona intafesi ya vxlan ina alama ya UP kwenye Linux maana yake ni kwamba umeiwasha wewe upande wako, basi, upande wa pili unaweza kuwa umezimwa tangu juzi na bado itakuonyesha UP, na kwenye neno state itakuandikia UNKNOWN na hiyo ni kawaida yake. Kwaiyo mtu akikwambia kwenye simu "taneli iko juu kaka" bado hajakwambia kitu.

Sasa VNI. Sikiliza mazungumzo ya aina hii:

"Kaka, VNI kwako ngapi?"
"Kwangu VNI mbili."
"Haya, naweka mbili."

Wa Tanga kaweka namba 2 kwenye setingi. Wa Dar alikuwa anamaanisha ana VNI ziko mbili, yaani mitandao pepe miwili imewekwa kwenye NVE yake, na namba zake ni 5010 na 5020. Hakuna aliyedanganya hapo! RFC 7365 inasema herufi I kwenye VNI ni instansi, yaani ule mtandao pepe kama unavyokuwepo ndani ya NVE moja, kwaiyo kuzihesabu ni halali kabisa. RFC 7348 inasema herufi hiyohiyo ni namba ya utambulisho, na hata V yenyewe kule inasimama badala ya VXLAN. Alafu ikaja RFC 8926 ya Novemba 2020, ya Geneve, nayo VNI yake ni namba ya utambulisho ila V imerudi kuwa "pepe". Herufi tatu zilezile, dokumenti tatu, maana tatu, na zote zimetoka IETF. Na RFC 7365 ikitaka kusema namba ya utambulisho ina neno lake pembeni, VN Context identifier, ambalo kazini sijasikia mtu akilitamka.

Na Kiswahili chetu kinaongeza ugumu, maana "VNI mbili" inasomeka zote mbili, namba na idadi. Ushauri wangu, na hili nalisisitiza kwa kila fundi ninayefanya naye kazi: kwenye simu na kwenye meseji sema "namba ya kwenye heda ni 5010", au sema "nina mitandao pepe miwili". Acha kabisa kusema VNI peke yake ukiwa unaongea na mtu wa upande wa pili. Ukiwa peke yako na konsoli yako sema utakavyo.

Ongeza hapo majina ya kwenye skrini za mifumo ya kuendesha mashine pepe. Proxmox fildi hiyo inaitwa tag. OpenStack inaitwa segmentation ID. Kwenye NVGRE, RFC 7637 ya 2015, inaitwa VSID. Zote hizo ni kitu kimoja, ni namba ya biti 24 inayofanya kazi ya VN Context, ndo maana unapata zaidi ya milioni 16 badala ya zile VLAN 4094 za biti 12. Fundi anayeona neno tag kwenye Proxmox akaweka namba ya VLAN kwa mazoea simlaumu, neno ndo lilivyo.

Cha kucheki: washa pingi isiyokatika (paketi ndogo za kupima kama upande wa pili unajibu) kutoka kwenye mashine ya mpangaji, alafu kwenye seva ya upande wa kupokea andika komandi hii ya kunasa paketi

tcpdump -ni eth0 udp port 4789

Ukiona paketi zinaingia na mwishoni zimeandikwa vni 2 wakati wewe intafesi yako ni 5010, umemaliza, Linux inazitupa kimyakimya kwa sababu haina wa kumkabidhi. Hamna ujumbe wa kosa utakaokuja popote. Ukiona namba ni sawa na bado kimya, endelea chini. Ukiwa huoni kitu chochote kinaingia, twende poti.

Dalili: upande mmoja unatuma, mwingine hauoni kitu, au inapita upande mmoja tu

Poti rasmi ya UDP ya VXLAN ni 4789. Lakini moduli ya Linux ilitangulia kabla hiyo namba haijatolewa, kwaiyo ukitengeneza intafesi ya vxlan kwenye Linux bila kutaja dstport inachukua 8472. Upande mmoja swichi ya chuma 4789, upande mwingine seva 8472, mtatumiana pingi mpaka kesho bila jibu. Andika dstport 4789 kila mara, usiache kazi kwa difoliti. Na ukitaka kujua iliyopo sasa, ip -d link show itakutajia.

Hapa kuna mtego ambao ni wa maneno tena. tcpdump ikikuta trafiki ya poti 8472 haisemi ni VXLAN, inaandika OTV, alafu inasema "overlay 0, instance 5010". Mtu anaona hivyo anasema mbona upande wa pili wametumia teknolojia nyingine, anapiga simu, mjadala unaanza. Heda ni ileile ya VXLAN, na hiyo inayoitwa instance pale ni namba ya utambulisho, haihusiani na instansi ya RFC 7365. Ongeza -T vxlan kwenye komandi itakuonyesha kwa jina linaloeleweka. Na Geneve iko poti 6081, hiyo haielewani na VXLAN hata mkipanga namba zote sawa.

Kama poti ni sawa, angalia faiawoli ya katikati. VXLAN inachagua poti ya kutokea kwa kupiga heshi (hesabu inayotoa namba moja) ya fremu ya ndani, RFC 7348 inapendekeza iwe kati ya 49152 na 65535, lengo ni ruta za katikati ziweze kugawa mzigo kwenye njia zaidi ya moja. Matokeo yake trafiki ya kwenda ina poti ya kutokea X na inaenda 4789, na ya kurudi haiji kutoka 4789 kwenda X, inakuja kutoka Y kwenda 4789. Faiawoli inayokumbuka mazungumzo inaona hiyo ya kurudi kama mgeni asiyealikwa na inamfungia mlango. Kwaiyo ruhusa iandikwe pande zote mbili, UDP kwenda 4789, kutoka anwani za NVE zote. Ukimwomba mtu wa faiawoli "fungua 4789" akafungua upande mmoja tu hajakosea, hukumwambia.

Alafu anwani. Dokumenti za NVO3 zinaita anwani za andalei "anwani za nje" kwa sababu ziko kwenye heda ya nje. Wengi wetu tukisikia IP ya nje tunafikiria ile ya intaneti, nimeona mtu anaombwa IP ya nje ya VTEP anatoa public IP ya ofisi wakati seva zinaonana kwa fiba ya ndani kwa anwani zinazoanza na 10. Sema "anwani ya andalei" na umtajie na intafesi.

Dalili: pingi inapita, ila ukifungua mfumo ukurasa unaganda, au faili kubwa haliendi

Hii ndo dalili inayonisumbua kuliko zote kwa sababu inamfanya mtumiaji aonekane muongo. Anakwambia mfumo haufunguki, wewe unapingi mbele yake inajibu, unamwambia mbona iko poa. Haiko poa. Mwamini.

Hesabu yake iko hivi. Mpangaji anatuma paketi ya IP ya baiti 1500. NVE inaichukua na heda yake ya Etheneti ya ndani baiti 14, inaongeza heda ya VXLAN 8, UDP 8, IP ya nje 20. Jumla paketi ya nje imekuwa 1550, na fiba yako kutoka mjini kwenda Pongwe au Dar mtoa huduma kakupa 1500. Haipiti. RFC 7348 inakataza VTEP kukatakata paketi za VXLAN, na kama ruta ya njiani ndo imekata, VTEP inayopokea inaruhusiwa kuvitupa vipande bila kusema neno. Pingi ndogo inapita kwa sababu ni ndogo, ukurasa wa kuingilia unapita nusu, ukibonyeza ripoti ndo inaganda.

Kama andalei yako ni IPv6 heda ya nje ni 40 badala ya 20, kwaiyo inakuwa 1570. Geneve bila opsheni ni sawa na VXLAN, ila opsheni zake zinaweza kufika baiti 252, na hapo hesabu ya "toa hamsini" haitoshi tena, uliza kontrola inaweka opsheni gani.

Njia ni mbili. Ya kwanza, mtoa huduma akupandishie andalei ifike 1550 au zaidi, ukipata 9000 bora zaidi. Ya pili, shusha MTU (ukubwa wa mwisho wa paketi) ya mashine za mpangaji iwe 1450, kwa IPv6 1430. Mimi naona kama laini si yako shusha tu, usisubiri ahadi. Kupima andalei:

ping -M do -s 1522 anwani-ya-NVE-ya-pili

hiyo 1522 ukiongeza heda 28 unapata 1550. Na ndani ya mashine ya mpangaji iliyoshushwa pima kwa -s 1422, ikipita na 1423 ikakataa uko vizuri.

Sasa neno MTU lenyewe. Kuna swichi ukiandika MTU 1500 inamaanisha paketi ya IP, na kuna ruta ukiandika 1500 inahesabu pamoja na heda ya Etheneti, kwaiyo IP inabaki 1486. Mtoa huduma anakwambia "tumekuwekea 1550", wewe unapima unakuta 1536 ndo mwisho, unaanza kumshuku bure. Muulize swali moja tu: 1550 ya IP au ya fremu nzima? Kama ni ya fremu nzima, wewe unahitaji 1564, na kama kuna tag ya VLAN nje ongeza 4. Na neno jumbo (fremu kubwa kuliko kawaida) nalo ni hivyohivyo, mmoja jumbo yake ni 9000 mwingine 9216, sema namba na useme inahesabiwa kuanzia wapi.

Dalili: IP ukiweka kwa mkono inafanya, DHCP haipati, au ARP haijibiwi

Hapa kuna vyanzo viwili tofauti kabisa na watu wanavichanganya kwa sababu wote wanasema "brodikasti haipiti". Brodikasti ni ujumbe unaotumwa kwa kila mashine ya mtandao, na DHCP (ya kugawa IP) na ARP (ya kuuliza nani ana IP fulani) zote zinaanzia hapo.

Cha kwanza, huduma yenyewe si ya L2. RFC 7365 inatofautisha NVE ya L2, ambayo mpangaji anajiona yuko kwenye LAN moja, na NVE ya L3, ambayo inapeleka paketi kwa kuangalia IP, kama VRF (jedwali la njia la peke yake ndani ya ruta). Zote zinaitwa mtandao pepe. Mtu kaahidiwa mtandao pepe, kapewa wa L3, anasubiri DHCP ya seva ya Dar ifike kwenye mashine ya Tanga, haitafika, anahitaji rilei ya kuyapitisha maombi ya DHCP. Kupima ni rahisi, pingi mashine ya Linux ya upande wa pili utazame ttl (namba inayopungua moja kila paketi ikipita ruta) kwenye jibu: ikiwa 64 mko LAN moja, ikiwa 63 au 62 kuna ruta katikati. Windows inaanza 128, hesabu kutoka hapo.

Cha pili, huduma ni ya L2 kweli ila NVE haijui pa kupeleka brodikasti. VXLAN ya asili inatumia maltikasti ya IP (ujumbe mmoja kwenda kwa wote waliojiunga na grupu) kwenye andalei, kila mtandao pepe unapewa grupu lake. Laini ya kukodi mara nyingi haibebi maltikasti. Ukiweka group, yaani anwani ya maltikasti inayoanza na 239, kwenye intafesi na mtoa huduma habebi, paketi za mtu aliyeshajulikana zinapita lakini ARP ya kwanza inakufa njiani. Badala yake iambie NVE inakili brodikasti kwa kila mwenzake moja moja:

bridge fdb append 00:00:00:00:00:00 dev vxlan5010 dst 10.20.0.12

mstari mmoja kwa kila NVE ya mbali. Kwa seva tatu nne hii inatosha kabisa, zikiwa nyingi weka EVPN, RFC 8365 ya Machi 2018 inaeleza inavyofanya kazi na VXLAN, BGP (itifaki ya ruta kupeana njia) ndo inabeba habari za nani yuko wapi. Na hapa mtu akisema "hatuna kontrola" mwulize anamaanisha nini, maana kwa EVPN hamna boksi moja linaloitwa kontrola ila kazi ya kueneza habari inafanyika, imegawanywa kwenye ruta zenyewe.

Umeme ukikatika na kurudi: ukikuta ilikuwa inafanya jana na leo baada ya umeme kurudi nusu ya mashine hazionani, cheki hiyo mistari ya fdb kwanza. Mtu aliiandika kwa mkono kwenye konsoli na hakuiweka kwenye faili la setingi. bridge fdb show dev vxlan5010, zile sifuri zipo au hazipo.

Dalili: mashine pepe imehamishwa kwenda seva nyingine, mtandao umepotea

Angalia inapotea kwa muda gani. Ikirudi yenyewe baada ya kama dakika tano, NVE za mbali zilikuwa zimekariri kwamba MAC ile (anwani ya kadi ya mtandao ya mashine) iko kwenye seva ya zamani, na Linux kwa kawaida inafuta kumbukumbu hiyo baada ya sekunde 300. Mashine ikihama, haipavaiza (programu ya seva inayoendesha mashine pepe) hutangaza makazi mapya, kwaiyo kama tangazo halikufika rudi kwenye brodikasti hapo juu, ni ugonjwa uleule. Ukiwa na NVA au EVPN, kazi ya kuwaambia wengine ni yake, kaangalie logi zake.

Isiporudi kabisa, seva mpya haina VAP ya mtandao ule. Na kwenye VAP kuna imani moja ngumu kuitoa, kwamba namba ya VLAN lazima ifanane kila mahali. Si lazima. VLAN pale ni jina la mlango kwenye NVE hiyo tu, VLAN 20 kwenye swichi ya mjini na VLAN 35 kwenye swichi ya Pongwe zinaweza kuwa mtandao pepe mmoja bila shida, kinachofanana ni namba ya kwenye heda. Kwaiyo ukihamisha mashine pamoja na VLAN yake 20 kwenda Pongwe ambako 20 ni ya mpangaji mwingine, umemwingiza mtu kwenye mtandao usio wake, na hilo si tatizo la kuunganishwa tena, ni la usalama. Likitokea zima hiyo poti kwanza, maswali baadaye.

Uliza pia NVE iko wapi. Mmoja anafikiri iko ndani ya haipavaiza, mwingine kaiweka kwenye swichi ya juu ya raki, na RFC inaruhusu hata igawanywe nusu huku nusu kule. Kama zote mbili zimewashwa, fremu inavikwa heda mara mbili na MTU inarudi kuwa shida.

Kadogo kengine hapohapo: fremu zenye tag ya VLAN ndani ya taneli. RFC 7348 inasema VTEP ikivua heda ikakuta tag ndani inatakiwa itupe fremu, labda uwe umeipanga vingine. Mpangaji akitaka kupitisha tranki yake nzima (laini moja yenye VLAN nyingi) kwenye mtandao pepe mmoja, lazima useme wazi pande zote mbili.

Dalili: "IP zinagongana"

Mara nyingi hapa hamna ugonjwa. Mtu kashika paketi kwenye andalei, kaona 192.168.1.10 ya mpangaji mmoja na 192.168.1.10 ya mwingine, kashtuka. Ni kama Ngamiani, nyumba namba 14 iko Barabara ya 7 na nyingine namba 14 iko Barabara ya 12, na bodaboda hapotei kwa sababu ametajiwa barabara kwanza. VN Context ndo barabara. Ugomvi wa kweli upo pale wapangaji hao wawili wanapotoka kwenye geti moja kwenda intaneti au kwenye printa ya pamoja, maana getini ile namba ya kwenye heda inavuliwa na kinachobaki ni IP tupu. Hapo weka NAT (kubadilisha IP) ya kila mpangaji kabla ya kuwakutanisha.

Ukiomba msaada andika hivi

Meseji ya "wakuu VNI haifanyi, msaada" haisaidiki. Hii inasaidika:

"Mtandao pepe wa uhasibu, huduma ya L2. Heda ni VXLAN, UDP 4789, namba ya kwenye heda 5020. NVE iko kwenye haipavaiza, anwani ya andalei 10.20.0.11 upande wa Tanga na 10.20.0.12 upande wa Dar. VAP ni VLAN 20 Tanga, VLAN 35 Dar. MTU ya mpangaji 1450 ya IP. Brodikasti inanakiliwa moja moja, hatutumii maltikasti. Pingi ya andalei ya 1472 inapita, 1473 haipiti."

Ambatanisha tcpdump ya pande zote mbili iliyochukuliwa wakati mmoja huku pingi ileile inaendelea, kama maandishi, si picha ya skrini, ili mwenzako aweze kutafuta namba ndani yake. Na saa za seva zote mbili ziwe zimelinganishwa kwa NTP kabla hujaanza kurekodi, zikipishana hata sekunde chache huwezi kusema paketi ipi ya Tanga ndo ile iliyoonekana Dar.